Simu ya Saa Kumi

Shirika linanilipa saa mbili,
Jumanne na Ijumaa, huku Katuba,
nyumba ya matofali nyuma ya muuza makala.
Kazi yangu ni kuketi.
Mama yangu hucheka: "Dezire, umesoma miaka yote ile
ili ulipwe kwa kukalia kiti?"

Siku ya kwanza Mama Numbi alinipima kwa jicho moja,
la pili lina ukungu.
"Unauza nini? Jeneza la mkopo? Maombi?"
Nikasema nimetumwa kuzungumza naye.
"Kwani nimemdai nani maneno?"
Akafunga mlango.
Nikaketi kizingitini saa mbili kamili,
nikajaza daftari: tumeonana.

Sasa hunifungulia.
Vikombe ni viwili. Cha pili kilikuwa cha Kalenga, mumewe,
aliyeyeyusha shaba miaka thelathini na mmoja,
na king'ora cha kiwanda kilipokoma
akawa bado anaamka gizani, anavaa viatu,
anakaa.
Kikombe kina ufa. Chai hunidondokea gotini.
Sisemi.

Tunacheza karata. Ananiibia.
Alikuwa mkunga. "Nusu ya mtaa huu
nimewashika visigino, vichwa chini,
kabla mama zao hawajawaona.
Leo wananipita: jambo, mama, jambo, mama,
wala hawapunguzi mwendo."

Mwanawe mmoja yuko Ndola, mmoja Liège,
mmoja makaburini.
Wa Liège hupiga simu ya picha Jumapili;
uso hukwama, mdomo wazi,
na Mama husubiri, kimya, kwa adabu,
hadi uso upate uhai au uzimike.

Daftari lina maswali. Amekula? Amelala?
Ameongea na watu wangapi wiki hii?
"Andika wawili. Wewe wa Jumanne, na wewe wa Ijumaa.
Si mtu yule yule.
Wa Ijumaa ana haraka."

Kuna jambo halimo daftarini.
Nikitoka, nikifika kwenye kona ya fundi baiskeli,
sharti nimpigie.
Saa kumi kamili, wapangaji wako uani,
wanafua, wanachekecha unga wa bukari,
na simu ya Mama Numbi inalia.
Huiacha ilie mara nne, tano.
Kisha: "Alo! Nani? Nina kazi, sema haraka!"
kwa sauti ya kuvuka ukuta.
"Ni mimi, Mama," nasema,
naye ananijibu nisiyouliza:
bei ya sombe, harusi ya Kolwezi
ambayo bila yeye haifungwi.

Wiki ya mvua umeme ulikatika siku sita.
Nilisimama kwenye kona, nikapiga.
Sauti ya kampuni ikasema hapatikani.
Nikapiga tena. Hapatikani.
Nalijua hilo neno, ni la simu tu,
lakini miguu haikulijua, ilishaanza kukimbia matopeni.

Uani ndoo zimeachwa.
Kapinga, bintiye mpangaji, miaka sita,
amesimama mlangoni kwa Mama, mikono nyuma,
mashavu ameyajaza:
"Kriii! Kriii! Kriii!"
Mara nne. Tano.

Ndani, Mama Numbi akaokota simu iliyokufa,
akaiweka sikioni.
"Alo! Nani?"
"Ni miye."
"Miye nani? Nina kazi, sema haraka!"
"Mama anauliza kama una chumvi."

Mvua ikasemasema juu ya bati.
"Mwambie aje mwenyewe," akajibu,
bado simu iko sikioni.
"Na aje na kikombe. Changu cha pili kina mtu."

Nikarudi nyuma kabla hawajaniona.
Kwenye swali la watu wangapi
niliandika wawili, nikakata,
nikaandika watatu, nikakata.
Ijumaa nitamwuliza.
Nitajitahidi nisiwe na haraka.